Kuchagua hospitali ya utarajali kwa kusoma maoni ya mtandaoni: tusaidiane kuyasoma vizuri

Dokta_wa_Halmashauri (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila dirisha la kuomba vituo vya utarajali linapokaribia, PM (ujumbe wa faragha) zinajaa swali lile lile: "Dokta, kituo gani kizuri?" Wengi wanaouliza wameshapita Google Maps wakahesabu nyota, wameshasoma makundi ya WhatsApp na Telegram, na huko mmoja kaandika "nendeni, ni bomba", mwingine "msithubutu", kuhusu hospitali ile ile. Nimeona tujadili hapa hadharani ili wadogo zetu wanaomaliza mwaka wa tano wapate pa kushika.

Kwa wasiojua utaratibu: ukimaliza shahada ya udaktari Tanzania Bara, unapata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha unafanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi kwenye hospitali iliyoidhinishwa; huo ndio utarajali. Unazunguka idara kubwa nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Logibuku yako (daftari la kurekodi kazi ulizofanya) ikishasainiwa ndipo unaomba usajili kamili. Vituo unavijaza kwenye mfumo wa Wizara ya Afya, ingawa unaweza kupangiwa ambako hukuomba.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu mwaka ule ukiisha, wengi wetu hatubaki kwenye hospitali kubwa. Kuanzia 2017 Serikali imekarabati na kujenga vituo vya afya vingi ili vifanye upasuaji wa dharura wa wajawazito. Huko ndiko unakoajiriwa. Saa tisa usiku analetwa mama mwenye uzazi pingamizi, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, na daktari mwenye leseni ni wewe. Hakuna bingwa wa kumgongea mlango. Ulichokipata kwenye utarajali ndicho ulichonacho mkononi usiku huo. Kwa hiyo ukichagua kituo kwa kigezo cha "kuna maisha mjini", anayekuja kulipa gharama ni yule mama.

Sasa tuje kwenye maoni yenyewe.

Nyota za Google zimewekwa na wagonjwa na ndugu zao. Wana haki kabisa ya kusema, na wanachosema kina thamani kwa mgonjwa mwingine: foleni ya dirisha la dawa, lugha ya mapokezi, vyoo, maegesho, mlinzi aliyewazuia getini kwa sababu muda wa kuona wagonjwa umepita. Lakini hawajajibu swali lako. Hospitali yenye nyota chache kwa sababu "watu ni wengi mno, nimekaa kuanzia asubuhi hadi jioni" inaweza kuwa ndiyo hospitali ambayo utazalisha, utashona na utapokea dharura mpaka mikono izoee. Na hospitali safi, tulivu, yenye viyoyozi na nyota nne na nusu, wagonjwa wake wengi wanakuja kwa miadi ya bingwa wao, na hawapendi kuguswa na mtarajali. Mgonjwa kafurahi, wewe umetoka na logibuku yenye nafasi tupu.

Tena angalia tarehe. Maoni ya miaka minne iliyopita yanazungumzia jengo ambalo pengine halitumiki tena na mganga mfawidhi aliyeshahamishwa.

Makundi ya WhatsApp ni afadhali kwa sababu anayeandika alikuwa mtarajali kama wewe. Ila nayo yana tabia zake. Anayeandika kwa hasira ni aliyecheleweshewa posho mwezi huo, au aliyegombana na mkuu wa idara. Anayesifia mara nyingi anasifia wepesi: "kituo kitamu, zamu chache, saa nane mchana umeshaondoka." Ndugu yangu, ukiona sifa ya namna hiyo, simama hapo hapo ujiulize: saa nane mchana wameondoka, kazi alibaki kufanya nani, na wao walijifunza lini?

Maoni ninayoyaamini yana vitu vitatu ndani yake: idara gani, kipindi gani, na nani alikuwa pembeni yako usiku. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Mchana kila hospitali ina mabingwa. Raundi inapita, kila mtu kavaa koti. Usimamizi wa kweli unaonekana baada ya saa sita usiku. Je, daktari mwandamizi analala ndani ya hospitali au anapigiwa simu nyumbani? Akipigiwa anakuja, au anakuelekeza kwa simu? Akifika anakunyang'anya kisu au anasimama upande wa pili wa kitanda anakuacha uendelee huku macho yake yakiwa kwako?

Linganisha maoni haya mawili. La kwanza: "Pako poa sana, watu wana ushirikiano, mtaenjoi." La pili: "Nilikuwa wodi ya wazazi miezi ya mvua. Usiku mnakuwa watarajali wawili na daktari mmoja wa kudumu. Upasuaji wa kwanza unaangalia, unaofuata unasaidia, baadaye unafanya yeye akiwa amevaa glavu mbele yako. Damu benki inaishiwa mara kwa mara, jiandae kuhangaika na ndugu wachangie. Nyumba hakuna, utapanga." Hilo la pili lina malalamiko mawili ndani yake, na bado ndilo ningelifuata bila kusita.

Kuna suala la hospitali kubwa dhidi ya za mikoa, na hapa ndipo maoni ya mtandaoni yanapotosha sana, kwa sababu jina kubwa huvuta sifa. Muhimbili, KCMC, Bugando, Benjamin Mkapa: hizi zimefungamana na vyuo, zina madaktari wanaosomea ubingwa. Utaona magonjwa usiyoyaona kwingine, utasikia majadiliano ya kitabibu ya kiwango cha juu, utajifunza kufikiri. Lakini anayesomea ubingwa naye ana logibuku yake, na yuko mbele yako kwenye foleni ya kushika kisu. Ukizubaa unabaki kuandika mafaili, kukimbiza sampuli maabara na kutafuta majibu ya CT scan. Pale Muhimbili kumbuka pia mifupa na vichwa viko MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), moyo uko Taasisi ya Jakaya Kikwete. Mgonjwa anapofika kwako ameshapita mikono mingi.

Hospitali za rufaa za mikoa ni habari nyingine. Amana, Temeke na Mwananyamala zinapokea umati wa Dar kabla haujafika Muhimbili. Sekou Toure, Bombo, Maweni, Ligula, Kitete, kila moja inabeba mkoa mzima. Mfumo wa m-mama, ile namba 115 ya bure ya kuita usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, unamleta mama kutoka wilayani usiku huo huo. Huko unafanya kwa mikono. Hatari yake ni kufanya bila wa kukuangalia. Mtarajali aliyefanya upasuaji mwingi peke yake bila kusahihishwa amezoea makosa yake, na anaweza kujisifu mtandaoni kwamba "kule nilikata sana". Wingi wa kazi bila msimamizi usikudanganye.

Hospitali za misheni zinasahaulika kabisa kwenye makundi. Haydom iko Mbulu, mbali na mji wowote mkubwa. Anayeandika kuhusu hospitali ya namna hiyo kwamba "hakuna maisha" anasema kweli kuhusu Jumamosi jioni, ila hajakueleza chochote kuhusu chumba cha upasuaji.

Naomba kuwasilisha. Waliomaliza karibuni, tupeni mlivyoona. Tafadhali msimtaje mtu kwa jina.

---

mwaka_wa_tano

Asante sana dokta, uzi umekuja wakati wake. Shikamoo.

Mimi ninataka baadaye nisomee ubingwa wa watoto. Wenzangu wananiambia niende hospitali kubwa ili mabingwa wanifahamu na waje waniandikie barua. Halafu nyumbani ni Dar, nikipangiwa mkoani lazima nipange chumba na posho yenyewe inaweza kuchelewa. Je, hivyo vigezo ni vya kitoto?

---

Dokta_wa_Halmashauri

Marahaba mdogo wangu. Si vya kitoto hata kidogo. Pesa ni kigezo halali. Mtu mwenye njaa na deni la kodi hasomi wala hajifunzi, na mgonjwa wake hayuko salama. Kwa hiyo maoni yanayosema posho inachelewa muda gani, nyumba ipo au haipo, chakula cha zamu kipo au hakipo, yasome kwa makini uweke akiba ya kuanzia.

Hilo la barua lipime hivi: bingwa anayekuona kila siku kwenye hospitali ya mkoa, mkiwa watarajali wachache, anakufahamu kuliko profesa anayepita na msafara wa watu ishirini kwenye raundi kubwa. Kwa watoto hasa, tafuta maoni yanayozungumzia wodi ya watoto wachanga. Uliza kama kuna mashine za kusaidia kupumua, uliza kama mtarajali anaitwa chumba cha upasuaji kumpokea mtoto au hiyo kazi inaachiwa nesi peke yake. Ukipata kituo ambacho mtarajali anaitwa kila mtoto anapozaliwa amechoka, hapo utatoka unajua kazi.

---

Mkunga_Mwandamizi

Naomba na sisi wauguzi tuseme, maana huwa hatuulizwi.

Wanangu, mkitaka kujua kituo, ulizeni wakunga. Sisi tupo pale miaka na miaka, watarajali wanakuja na kuondoka. Tunajua ni daktari yupi akipigiwa simu saa nane usiku anapokea, na yupi simu yake inaita mpaka inakatika. Hayo hamtayakuta Google.

Na mnaposoma maoni ya wenzenu, angalieni wanavyotuzungumzia. Mtarajali anayeandika "manesi wa pale ni wakali", mara nyingine ni kweli, kuna wenzetu wana midomo. Mara nyingine alikataliwa kufanya kitu ambacho kingemdhuru mama. Kuna kijana nilikuwa naye zamu, alitaka kuongeza dripu ya oksitosini (dawa ya kuongeza uchungu) kwa mama mwenye kovu la upasuaji, hajamsoma faili. Nikamshika mkono. Alinuna siku nzima, lakini jioni alirudi kuniuliza sababu, tukakaa na ile karatasi ya patografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu) nikamwonyesha mstari kwa mstari. Leo ni daktari mzuri, ananipigia sikukuu. Kituo ambacho mkunga anaweza kumzuia daktari na daktari akasikiliza, hicho ni kituo cha kujifunzia.

---

Dokta_wa_Halmashauri

Mama, nashukuru sana kwa hili. Patografu nilifundishwa darasani, ila kuisoma kwa haraka mama akiwa analia mbele yangu nilifundishwa na wakunga. Nakazia: anayekwenda kutembelea kituo kabla ya kuchagua, apite wodi ya wazazi wakati wa kubadilishana zamu, asalimie, asikilize makabidhiano yanavyofanyika. Kama wagonjwa wanakabidhiwa kitanda kwa kitanda, hiyo ni alama nzuri kuliko nyota yoyote.

---

Daktari_Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Kwetu pia tunachagua vituo vya internship (utarajali) kwa mtandao, na maoni yetu kwa muda mrefu yamekuwa ya pesa, kwa sababu zinazoeleweka. Makubaliano ya 2017 kati ya Serikali na chama cha madaktari yalimpa intern mshahara wa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikaja na 70,000. Ndiyo moja ya sababu kubwa za mgomo wa madaktari ulioanza Machi 14, 2024 ukaisha Mei 8. Wenzetu waliohitimu walikaa nyumbani wakisubiri kupangiwa.

Kilichotokea ni kwamba kwenye makundi yetu swali likawa "mnalipwa?" na basi. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuliza kuhusu usimamizi. Nasema hivi si kulaumu, maana mtu hawezi kusoma na hana nauli. Ila mkisoma maoni ya kipindi cha mgomo, au cha posho kusimama, jueni mnasoma hali ya taifa zima. Hiyo hospitali iliyoandikwa vibaya pengine haikuwa na kosa lake yenyewe. Pesa zilikwama kwa wote.

---

Mbongo_Leicester

Wakuu, niko Uingereza, niongeze kidogo. Huku kuna utafiti wa kila mwaka wa Baraza Kuu la Madaktari, GMC, ambapo madaktari walio kwenye mafunzo wanajaza maswali kuhusu nafasi yao ya mafunzo, na matokeo yanawekwa hadharani. Unaweza kutafuta hospitali na idara. Na kati ya vipengele vinavyopimwa, usimamizi wa kitabibu umetengwa na usimamizi wa nje ya saa za kazi. Yaani lile swali la mwanzisha uzi la "nani alikuwa pembeni yako usiku" linaulizwa rasmi na kila mtu analiona jibu. Vingine ni mzigo wa kazi, makabidhiano ya zamu, na jinsi ulivyopokelewa ukifika.

Si kwamba huku ni peponi. Tangu 2024 wanaoanza mafunzo ya awali wanapangiwa kwa mfumo unaofuata machaguo yao na namba ya bahati nasibu ya kompyuta, bila kuangalia alama za chuo, na wengine wanatupwa mbali na familia. Ila ukishapangiwa, angalau unaweza kusoma unakokwenda kukoje.

Swali langu: kwa nini Baraza letu na Wizara wasikusanye maoni ya watarajali wanapomaliza mwaka, wayaweke wazi bila majina?

---

Siri_ya_Wodi

Mkuu wa Leicester umegusa penyewe. Nieleze kwa nini huku nyumbani maoni ya kweli hayaandikwi.

Anayesaini logibuku yako ndiye unayetakiwa kumsema. Mwezi ambao una la kusema ndio mwezi ambao unamhitaji akupitishe. Kwenye kituo nilichokuwa (sikitaji), tuliambiwa waziwazi kwamba mambo ya idara yasitoke kwenye kundi. Mwenzetu mmoja aliuliza tu kuhusu ratiba ya zamu kwenye kundi la nje, akaitwa ofisini. Baada ya hapo wote tulikuwa tunaandika "tuko vizuri". Wadogo zetu waliosoma yale wakajaza kituo kile, wakaja kukuta mtarajali mmoja analala zamu wodi mbili, majengo tofauti.

Kwa hiyo mkiona kituo kina watarajali wengi na hakuna anayeandika kitu, msidhani hakina tatizo. Mtafute aliyemaliza, mwenye leseni yake mkononi, mpigie simu. Kwa simu watu wanasema.

---

Dokta_wa_Halmashauri

Pole sana mkuu, na asante kwa kusema. Hiki ulichoandika kinabadilisha namna ya kusoma kila kitu kilichoko mtandaoni: sifa za mtarajali ambaye bado yuko ndani ya kituo zichukuliwe kwa tahadhari, na aliyemaliza ndiye apewe uzito.

Hoja ya Leicester naiunga mkono kwa moyo wote. Baraza lina orodha ya vituo, lina majina ya wanaomaliza, na kila mmoja lazima apite kwao kuomba usajili kamili. Hapo hapo wangeweka maswali machache ya siri yasiyoonekana na kituo. Chama chetu cha madaktari, MAT, kingeweza kulisukuma hili. Mpaka litokee, tujisaidie wenyewe.

Ombi langu kwa waliomaliza: andikeni hapa mkoa tu na aina ya hospitali, jina la kituo mpeaneni PM. Semeni idara, kipindi, nani alikuwepo usiku, mlifanya nini kwa mikono na nani akiangalia, nini kilikuwa hakipo, na ukijichoma sindano ulipata dawa za kinga baada ya muda gani. Hilo la mwisho watu wanalisahau. Dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma zinatakiwa zianze mapema kadiri iwezekanavyo na zisipite saa 72. Kituo ambacho mtarajali anazungushwa kutafuta ufunguo wa kabati mpaka kesho yake hakijali maisha yako.

---

Kanda_ya_Ziwa_24

Nianze mimi. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Jina nimeshawapa watatu PM.

Wazazi: kazi ni nyingi usiku na mchana. Kifafa cha mimba utakiona mpaka mikono yako ijue kuchanganya magneziamu (dawa ya kuzuia degedege lake) bila kutetemeka. Daktari wa kudumu analala ndani, bingwa anakuja akiitwa, isipokuwa wikiendi ambapo anachelewa. Upasuaji wa kumtoa mtoto utafanya, ukisimamiwa. Kuondoa kondo la nyuma lililobaki, utafanya.

Watoto: malaria kali, upungufu wa damu, utapiamlo. Bingwa mmoja, ni mwalimu haswa, anakuuliza kila dozi kwa uzito wa mtoto na hataki kukisia. Damu ni tatizo.

Upasuaji: hapa pana udhaifu. Nilipokuwa, bingwa alikuwa na majukumu mengi ya utawala. Mirija ya kifua tulifundishwa na daktari wa kawaida mwenye uzoefu, alitufundisha vizuri. Wagonjwa wengi wa upasuaji wa tumbo walipewa rufaa, hatukuwaona wakifunguliwa.

Magonjwa ya ndani: raundi kila siku, ila vipimo vingi mgonjwa anatumwa nje.

Nyumba hakuna. Posho ilichelewa mwanzoni, baadaye ikakaa sawa. Nilijichoma sindano nikiwa zamu. Kinga nilipata usiku huo huo, muuguzi wa zamu alikuwa na ufunguo.

---

mwaka_wa_tano

Kaka, nimekutumia PM. Nina maswali mawili: yule bingwa wa watoto bado yupo? Na wikiendi bingwa wa wazazi anapochelewa, daktari wa kudumu anaruhusiwa kuanza upasuaji na wewe, au mnasubiri?

---

Kanda_ya_Ziwa_24

Bingwa wa watoto yupo, nimeongea na mtarajali wa sasa jana kabla ya kuandika. Wikiendi daktari wa kudumu anaanza, hamsubiri; ana uwezo na anaruhusiwa. Nimekutumia namba ya huyo mtarajali, ameshakubali. Mpigie jioni baada ya saa kumi na mbili, leo hana zamu.